MAFUNZO YA KUJIOKOA SKULI NA MAKAZINI: FUNZO LA KARAGWE NA KYERWA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, walimu, masheha na wakaazi)





Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 14 Septemba 2020, moto uliwaka katika dakhalia ya wavulana ya skuli ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, iliyoko Itera, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Watoto 10 walifariki dunia na wengine wakajeruhiwa. Hawa walikuwa watoto wadogo, waliopelekwa na wazee wao wakasome elimu ya dini na ya dunia chini ya paa moja, kama wanavyopelekwa watoto wengi wa visiwa hivi. Chanzo cha moto ule si mada ya mazungumzo haya, kwani jambo hilo lina wenyewe wa kulichunguza. Kinachotazamwa hapa ni dakika zile chache baina ya moto kuwaka na paa kushika, na yale ambayo mtoto aliyeamshwa usingizini huweza kuyafanya ndani ya dakika hizo ikiwa amefundishwa, na asiyoyaweza ikiwa hakufundishwa.

Khabari ya Kyerwa inaletwa hapa kwa sababu maalumu. Katika miaka hii umeenea duniani mtindo wa kuwafundisha wafanyakazi na wanafunzi namna ya kunusurika pale mtu mwenye bunduki anapoingia mahali pa kazi au skuli na kuanza kuua. Mtindo huo umetoka zaidi Marekani, ambako mashambulizi ya namna hiyo yamekuwa mengi, na umekwisha kuingia Afrika Mashariki kwa njia ya makampuni ya ulinzi, mashirika ya kigeni na filamu fupi zinazopokezanwa katika simu. Wakuu wa skuli na wa Idara wana haki ya kujiuliza iwapo mafunzo hayo yanafaa kwao. Jibu ni kwamba yanafaa, tena sana, lakini hayafai kuchukuliwa kama yalivyo na kuvikwa jengo lolote. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ingawa ziko upande wa pili kabisa wa nchi, zinalionesha jambo hili kwa uwazi kuliko pahala pengi, kwa kuwa zimeyajua yote mawili, bunduki na moto.

Kwa wasioifahamu nchi ile, Karagwe iko magharibi ya Bukoba, katika milima ya migomba na kahawa, ikipakana na Rwanda. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikaanza kuwa wilaya mwaka 2012, nayo inapakana na Rwanda na Uganda pia, Mto Kagera ukiwa ndio mpaka. Msafiri anayetoka Bukoba kwenda Kayanga, makao makuu ya Karagwe, hupitia Kyaka, pale penye daraja lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwezi Novemba 1978, kisha hupanda kwa barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene yenye urefu wa kilomita 59. Safari yote inapindukia kilomita 100, na vijiji vya Kyerwa viko mbele zaidi, vingine kwenye njia za udongo ambazo mvua ikinyesha hazipitiki kwa haraka. Masafa haya hayatajwi kwa ajili ya somo la jiografia. Gari la zimamoto au la askari likitoka mjini mara tu simu inapopigwa, bado litawakuta waliokwisha kuokoka na waliokwisha kufa. Yatakayowaokoa watu wa vijiji vile katika robo saa ya kwanza ni yale wanayoyajua wao wenyewe na majirani zao.

Hali hiyo ilionekana tena mkoani humo humo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43, na 24 kati yao waliokoka. Waliofika mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Wakaazi wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa zaidi jambo hili. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, miongoni mwa waliofika mwanzo kuwaokota waliokuwa wakielea walikuwamo wavuvi pia.

Sasa ije khabari ya bunduki. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, umati mkubwa wa wakimbizi uliingia Mkoa wa Kagera. Wengi walikaa Ngara, na wengine wakawekwa Karagwe katika makambi kama Kagenyi na Rubwera. Walirejeshwa kwao kufikia mwisho wa mwaka 1996. Wengi wao walikuwa raia waliokimbia wakiwa mikono mitupu, na si haki kumtuhumu mkimbizi kwa ukimbizi wake. Hata hivyo vita vya Rwanda, Burundi na Kongo viliziacha silaha nyingi za kivita zikizagaa katika ukanda ule, na kwa miaka mingi baadaye ujambazi wa kutumia bunduki uliwasumbua wasafiri, wafanyabiashara na wafugaji. Katika baadhi ya misitu ya mkoa, mabasi yalikuwa hayapiti ila kwa msafara wenye askari. Mwezi Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wenye silaha haramu muda wa kuzisalimisha, na mwezi Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Operesheni hiyo ilileta malalamiko kuhusu namna baadhi ya watu walivyohamishwa, na malalamiko hayo yana mahala pake. Kwa mazungumzo haya inatosha kusema kwamba mkaazi wa Karagwe wa miaka ile aliposikia mlio, hakuhitaji kuambiwa ni mlio wa kitu gani.

Aidha, mpaka wa Uganda nao umeleta tahadhari yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa kundi la ADF walivamia skuli ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, katika Wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Kongo. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wanafunzi. Mpondwe si jirani ya Kyerwa wa mlango kwa mlango, lakini iko upande ule ule wa magharibi, na skuli ile haikuwa na tofauti kubwa na skuli za dakhalia za Karagwe. Mapanga na bunduki vilitumika, na moto pia. Wavulana walijifungia ndani ya dakhalia yao ili wavamizi wasiingie. Wavamizi wakaichoma dakhalia, na waliokuwamo wakaungua.

Ndugu wasikilizaji, tukio hilo la Mpondwe linastahiki kutafakariwa kwa makini na kila anayetaka kuleta mafunzo haya katika skuli yake.

Mafunzo ya Kimarekani yana kanuni tatu, zilizoenezwa kwa filamu iliyotolewa na mji wa Houston mwaka 2012. Kanuni ya kwanza ni kukimbia, ikiwa ipo njia ya kumwepuka mshambuliaji. Ya pili ni kujificha, ikiwa haipo: kufunga mlango, kuuzuia kwa meza na makabati, kuzima taa, kunyamazisha simu, na kukaa mbali na mlango na dirisha. Ya tatu ni kupambana kwa chochote kilichopo mkononi, na hiyo ni pale tu roho imefika kooni na hapana lingine. Kanuni hizi si upuuzi. Zilitokana na maafa ya kweli, likiwemo lile la skuli ya Columbine ya tarehe 20 Aprili 1999, ambapo askari walilizingira jengo wakisubiri kikosi maalumu huku majeruhi wakivuja damu ndani. Tangu hapo askari wa nchi ile walibadili utaratibu wao, wakaanza kufundishwa kuingia mara moja.

Karibu zaidi na hapa, Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya kilivamiwa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa, na mashambulizi yale yalidumu takriban siku nzima kabla ya kikosi maalumu kilichotoka Nairobi kuyamaliza. Walionusurika walieleza kwamba wavamizi waliwaita wanafunzi watoke mafichoni kwa ahadi ya usalama, na waliotoka waliuawa. Msichana mmoja aliyejificha kabatini alipatikana hai baada ya siku mbili. Hakutoka alipoitwa, na hata waokoaji walipofika hakuwaamini kwa urahisi. Kinyume chake, hoteli ya DusitD2 mjini Nairobi iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, askari waliingia mapema na watu wapatao 700 wakatolewa salama, ingawa 21 waliuawa. Tofauti baina ya matukio hayo mawili ina sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba Nairobi ilikwisha kujifunza kwa uchungu, baada ya Westgate ya mwaka 2013, kwamba kungojea kunaua. Wala Tanzania haikusalimika. Tarehe 25 Agosti 2021, mchana kweupe, mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja jijini Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, katika barabara yenye ofisi za watu waliokuwa kazini.

Kwa hivyo mafunzo yana faida. Pamoja na hayo, kanuni ya kujifungia ndani imetungwa kwa majengo ambayo mlango wake hufungwa na kufunguliwa kutokea ndani bila ya ufunguo, na ambayo sheria ya moto imekwisha kuyakagua. Dakhalia nyingi za Afrika Mashariki si majengo ya namna hiyo. Mlango hufungwa kwa kufuli kutokea nje, ufunguo hulala na mlezi au mlinzi, na madirisha yametiwa nondo. Vitu hivyo viliwekwa kwa nia njema, na aghalabu kwa madai ya wazee wenyewe, ili mwizi asiingie, ili mabinti wahifadhike, ili watoto watukutu wasitoroke usiku. Hapana mzee anayetaka skuli isiyofungwa. Lakini kufuli halijui kumtenga mwizi na moto.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi mno. Tarehe 18 Juni 1994, zaidi ya wasichana 40 waliungua katika dakhalia ya sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika sekondari ya Idodi, Iringa. Nchini Kenya, katika skuli ya Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika dakhalia yenye milango miwili ambayo mmoja wake ulikuwa umefungwa, na madirisha yake yakiwa na vyuma. Katika skuli ya Bombolulu, huko huko pwani ya Kenya, mwaka 1998 walikufa wasichana 26. Na mwezi Septemba 2024 walikufa wavulana 21 katika skuli ya Hillside Endarasha, Nyeri. Anayehesabu maafa ya skuli za Tanzania bara ataona kwamba moto wa usiku umechukua watoto wengi kuliko bunduki. Ikiwa mkuu wa skuli ana fedha na muda wa kufanya zoezi moja tu kwa mwaka, na alifanye la moto.

Hata hivyo si lazima kuchagua. Zoezi moja lililopangwa vyema linaweza kuhudumia hatari zote mbili, kwa sababu yote mawili yanaanzia mlangoni. Dakhalia yenye milango miwili iliyo mbali mbali, kila mmoja ukifungwa kwa komeo la ndani ambalo mtoto wa miaka saba analifikia na kulivuta gizani, inamzuia mvamizi na inamtoa mtoto. Nondo za dirisha zinaweza kuwekwa kwa bawaba, zikafunguka kama mlango kutokea ndani kwa pini isiyohitaji ufunguo. Fundi wa vyuma wa Omurushaka au wa Nkwenda anaweza kuifanya kazi hiyo kama anavyoweza fundi wa Darajani au wa Chake Chake, na gharama yake ni ndogo kuliko ya geti la kuingilia skuli ambalo watu hulichangia kwa furaha. Pakiwa na mlango wa namna hiyo, mafunzo yana maana. Ukikosekana, mtoto amefundishwa kukimbilia ukuta.

Lipo jambo jengine la Kagera ambalo wakufunzi wageni hawalitaji, kwa sababu hawalijui. Katika vijiji vile, mtu akipatwa na shari hupiga yowe, ambalo kwa lugha za huko huitwa enduru, na kila anayelisikia ana wajibu wa kutoka na kukimbilia kule linakotoka. Kutokwenda ni aibu kubwa, na mtu huweza kushukiwa kuwa ana mkono katika shari yenyewe. Desturi hii ni hazina. Katika moto ndiyo zimamoto ya kwanza, kwani huleta watu 50 wenye maji, michanga na mashoka kabla ya gari lolote kufika. Lakini katika shambulio la bunduki desturi hiyo hiyo huwapeleka watu wema, mikono mitupu, mbele ya mtutu. Dawa yake si kuiondoa. Inahitajika milio iwe miwili, na kijiji kizima kijue tofauti yake: mmoja wa kuita watu waje, mwengine wa kuwaonya wakae mbali na kupiga simu. Skuli nyingi hugonga rimu kuukuu ya gari kama kengele ya vipindi. Rimu hiyo haifai kutumika kwa dharura, kwa vile watoto wameizoea. Filimbi inafaa, ngoma inafaa, almuradi mlio wa dharura usitumike kwa jambo jengine lolote. Na mikutano ya kijiji, au ya shehia kwa upande wa visiwani, ndipo mahali pa kukubaliana jambo hili, kwa sababu mlio unaojulikana na walimu pekee hautamfaa jirani.

Kuhusu namna ya kufanya mazoezi, yako mawili ya kutahadhari, na yote mawili yalitokea Kenya mwaka 2015. Siku 10 baada ya Garissa, tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme ilitoa mshindo katika dakhalia za Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia, ilhali hapakuwa na mvamizi. Hiyo ndiyo khofu isiyo na mafunzo. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi, na wengi waliokuwapo hawakujua kama lilikuwa ni zoezi. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Hayo ndiyo mafunzo yasiyo na busara, na pengine ni mabaya zaidi, kwa kuwa yaliletwa kwa makusudi na kwa jina la usalama.

Basi hapana haja ya kuwatisha watu ili wajifunze. Zoezi hutangazwa siku kadhaa kabla, kwa wanafunzi, wazee, polisi na majirani. Halitumii risasi, hata zile tupu, wala mtu aliyevaa barakoa. Watoto wadogo hawaambiwi hadithi za mauaji. Wanaambiwa tu kwamba leo watajifunza kutoka nje kwa upesi, na watoto hulipenda jambo hilo kama mchezo. Mwalimu hushika saa. Mara ya kwanza dakhalia ya watoto 60 itachukua muda mrefu wa kusikitisha, maana mmoja atarudi kuchukua viatu, mwengine atamtafuta ndugu yake, na wote watakimbilia mlango waliouzoea hata kama ule mwengine uko karibu zaidi. Zoezi la pili litafupika, na la tatu zaidi. Hapo ndipo zoezi moja hufanywa usiku, kwa sababu mtoto anayejua njia mchana haijui gizani, na moto ulioua Itera ulikuja usiku.

Inafaa wakuu wa skuli wafahamu pia jinsi moto unavyoua ndani ya chumba. Waliokufa katika moto wa dakhalia aghalabu wamekufa kwa moshi kabla ya ndimi za moto kuwafikia. Godoro la sponji linapoungua hutoa moshi mweusi wenye sumu, nao hupanda juu na kujaa chini ya dari, kisha hushuka. Mtoto aliyelala kitanda cha juu huupata mwanzo. Harufu ya moshi haimwamshi aliyelala, huzidi kumlaza. Kwa hiyo mtoto hufundishwa kushuka sakafuni na kutambaa, pua ikiwa karibu na ardhi ambako hewa bado ipo, akiufuata ukuta kwa mkono mpaka mlangoni. Na watoto wadogo wana tabia nyengine iliyo hatari: wanapoogopa moto hujificha chini ya kitanda au nyuma ya masanduku, kama wanavyomkimbia mzee mwenye bakora. Mafunzo ya kujificha dhidi ya mwenye silaha, yakifundishwa peke yake kwa mtoto wa darasa la kwanza, yanaweza kuizidisha tabia hiyo. Ndiyo maana kila mtoto mdogo hupewa mkubwa wake, kwa jina, ambaye kazi yake akisikia filimbi ni kumshika mkono na kutoka naye.

Kwa upande wa makazini maneno si mengi. Ofisi ya wilaya, benki, kiwanda cha kukoboa kahawa na kituo cha forodha cha mpakani kama Murongo, kila kimoja kina mtu wa mapokezi au mlinzi wa getini, naye ndiye atakayeiona shari kabla ya mkurugenzi. Mara nyingi mtu huyo haalikwi katika semina. Hospitali zina shida yake zenyewe, na hospitali kama Nyakahanga iliyoko Karagwe au Isingiro iliyoko Kyerwa haziwezi kuambiwa "kimbieni", kwani mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hakimbii, wala muuguzi wa wodi ya wazazi hawezi kuwaacha watoto wachanga. Wao hujipanga kwa wodi: nani anamsukuma nani, kwa mlango upi, na nani anabaki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wa Tanzania bara awalinde wafanyakazi wake, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linafundisha. Namba ya dharura ya Zimamoto huko ni 114 na ya Polisi ni 112, na hizo zinafaa kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji ambaye atafika kabla yao.

Wako watakaosema kwamba kuzungumza maafa mbele ya watoto ni kuyaita, na kwamba ajali haina kinga. Maneno haya husikika Kagera na husikika Unguja. Kwa Waislamu, inatosha kukumbusha yale yanayofundishwa vyuoni juu ya mtu na ngamia wake, kwamba kumfunga hakupingi kumtegemea Mwenyezi Mungu. Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) aliagiza taa zizimwe usiku kabla ya watu kulala ili nyumba isiungue. Agizo hilo lilitolewa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na ndilo agizo la mwanzo ambalo mkaguzi wa dakhalia angelitoa leo kuhusu mshumaa na kibatari.

Kwa visiwa hivi, watoto wanaolala nje ya nyumba zao wako katika dakhalia za skuli na katika vyuo vya Qur-ani vinavyopokea wanafunzi wa kulala. Vyuo hivyo vingine ni vyumba vilivyoongezwa nyuma ya nyumba ya ustadhi, vimejengwa kwa sadaka, na havikupitiwa na mtaalamu yeyote. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi pamoja na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyowekwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2015, ndipo pa kuanzia kwa anayetaka ukaguzi au mkufunzi. Ustadhi asiyejua pa kuanzia na aende kwa sheha wake. Lakini kabla ya mkufunzi kufika, yapo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya usiku wa leo bila ya barua wala bajeti. Asimame ndani ya chumba wanacholala watoto, mlango ukiwa umefungwa kama unavyofungwa kila siku, taa ikiwa imezimwa, na ajaribu kutoka. Amwite mtoto mdogo kuliko wote naye ajaribu. Akishindwa kulifikia komeo, lishushwe. Ikiwa kufuli liko nje, liondolewe, na mlinzi alale pale kufuli lilipokuwa hadi fundi atakapokuja.